Nuru Hii Ni ya Nani? Miwani, Kamera na Macho ya Bandia katika Uchawi wa Shadowrun

Mchezaji anatangaza kwamba mchawi wake amejibanza juu ya paa usiku, amevaa miwani ya kuonea gizani, na amemwona mlinzi aliyesimama upande wa pili wa uwanja, mita 200 hivi kutoka alipo. Anataka kumrushia uchawi wa kumzimisha. Msimamizi wa mchezo anasita. Mchezaji mmoja anasema miwani ni miwani tu, na hakuna aliyewahi kudai kwamba mzee anayesoma gazeti kwa miwani hasomi kwa macho yake mwenyewe. Mwingine anajibu kwamba kile ni chombo cha umeme, na kwamba umeme na uchawi havipikwi chungu kimoja. Dadu zimelala mezani, mlinzi bado amesimama, na hadithi haisogei.

Ubishi huu ni wa miaka mingi miongoni mwa wanaocheza Shadowrun, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1989 na kampuni ya FASA ya Chicago, Marekani. Toleo hilo la kwanza liliweka hadithi zake katika mwaka 2050, hasa mjini Seattle, katika dunia ambamo uchawi umerudi huku kompyuta na viungo vya bandia vikiwa vimeenea kila mahali. Kwa kuwa mchezo wenyewe umejengwa juu ya mgongano wa uchawi na teknolojia, ilikuwa lazima swali la macho lijitokeze mapema, maana jicho ndilo mlango ambao vitu hivyo viwili hukutana. Hapa nitalijadili kwa kufuata sheria za msingi ambazo kwa kiini chake hazikubadilika sana kutoka toleo hadi toleo, na nitakapotaja tarakimu nitatumia zile za toleo la 5, lililotoka mwaka 2013.

Kwanza ieleweke kwa nini jambo hili lina uzito. Bunduki katika mchezo huu ina masafa yake, na kila hatua ya umbali humpunguzia mpigaji nafasi ya kulenga vizuri. Uchawi mwingi unaolenga mtu hauna masafa. Ukishamwona mlengwa, umempata, awe hatua 10 mbele yako au juu ya mnara ulio kilomita 2 mbali. Hadithi ya mchezo inaeleza kwamba mchawi anapomtazama mtu, nafsi yake huungana na nafsi ya yule anayetazamwa, na nguvu za uchawi hupita katika muungano huo. Umbali wa kimwili hauhesabiki. Msomaji aliyekulia pwani hatashangaa sana, kwa kuwa wazo la kwamba jicho lenyewe linaweza kudhuru analijua tangu utotoni, na huenda alivishwa hirizi kwa ajili ya jicho la hasidi kabla hajajua kutembea. Tofauti ni kwamba katika Shadowrun jicho halibebi husuda. Ni njia tu, na njia inaweza kukatika.

Kwa hiyo chombo chochote kinachomwezesha mchawi kuona mbali zaidi, au kuona gizani, au kuona kona ya pili, ni silaha kubwa kuliko kinavyoonekana. Waandishi wa sheria walilijua hilo na wakaweka mpaka. Kwa maneno yangu, mpaka huo unasema mambo matatu. Mchawi anaweza kumlenga yeyote anayemwona moja kwa moja, hata kupitia kioo kinachopitisha nuru au katika kioo cha kujitazamia. Hawezi kutumia chombo kinachochukua nafasi ya macho yake, kama vile kamera, darubini ya kielektroniki au picha iliyorushwa kwenye mtandao. Lakini macho ya bandia na maboresho mengine ya kuona yaliyolipiwa kwa Kiini, yaani kipimo cha ukamilifu wa mwili na nafsi kinachopungua kwa kila kipandikizi, huhesabiwa kuwa ni macho yake ya asili.

Mambo hayo matatu yakisomwa haraka huonekana kama kanuni moja, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani sheria inauliza kama chombo kina umeme au hakina. Sivyo. Ndani yake mna maswali mawili yasiyo ndugu. La kwanza ni je, nuru iliyomgusa mlengwa ndiyo hiyohiyo inayoingia katika jicho la mchawi? La pili ni je, kifaa hiki ni sehemu ya mwili wa mchawi au ni kitu alichokivaa? Swali la kwanza ni la fizikia, la pili ni la nafsi, na jibu la ndiyo kwa mojawapo linatosha. Anayejaribu kulijibu la pili kwa hoja za la kwanza atajikuta anajipinga mwenyewe kabla ya usiku kwisha.

Kundi la vioo halina ugumu. Dirisha, miwani ya kawaida, lenzi zinazowekwa juu ya mboni, darubini ya lenzi tupu, kioo cha gari kinachoonyesha nyuma: vyote hivi hupinda nuru, huirudisha au huikusanya, lakini havitengenezi nuru mpya. Miale iliyomgonga mlinzi na kuruka ndiyo inayofika kwa mchawi, hata kama imepita kona mbili njiani. Ndiyo maana darubini ya lenzi imebaki kuwa chombo cha heshima kwa wachawi wa Shadowrun hata pale ambapo wenzao wote wana darubini za kielektroniki zenye mapambo kumi. Haina uwezo wa kuona gizani wala haipachikwi kitu kingine, ila inaleta karibu nuru ile ile, na kwa mchawi hilo tu lina thamani kuliko mapambo yote.

Faiba ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu inaonekana kama teknolojia ya kisasa lakini inaangukia upande wa vioo. Uzi wa faiba ni kioo chembamba ambamo nuru husafiri kwa kujigonga kwenye kuta za ndani bila kutoka nje. Fungu la nyuzi nyingi zilizopangwa kwa utaratibu ule ule pande zote mbili hubeba picha nzima, kila uzi ukibeba nukta yake, na madaktari walikuwa wakitazama ndani ya tumbo la mgonjwa kwa njia hiyo miaka mingi kabla kamera ndogo hazijapatikana. Mchezo umetumia ukweli huu kwa werevu. Kuna kifaa chenye faiba ya mita 1 cha kuchungulia chini ya mlango au pembeni ya ukuta, na kuna miwani mizito iliyotengenezwa mahsusi kwa wachawi, iliyounganishwa na kamba inayojiendesha yenye faiba ndani yake, kwa urefu wa mita 10, 20 au 30. Mchawi anakaa chumba cha pili, kamba inatambaa kwenye bomba la hewa, na nuru ya chumba kinachovamiwa inamfikia jichoni bila kugeuzwa kuwa kitu kingine. Bei yake si ndogo, wala hapaswi kushangaa mtu akiikanyaga.

Kamera iko upande wa pili wa mpaka. Nuru inaingia, inagonga kitambuzi, inageuka kuwa chaji ya umeme, inasomwa kuwa namba, namba zinasafiri, kisha skrini inawaka kwa nuru yake yenyewe ikifuata maagizo ya namba hizo. Unachokiona ni skrini. Kama mchawi angeunganisha nafsi yake na anachokitazama, angejiunganisha na kipande cha plastiki chenye taa ndani. Hapa hakuna haja ya kubishana kuhusu picha iliyochelewa, picha ya jana, au picha iliyochezewa na mdukuzi. Hata picha safi isiyochelewa kabisa haifai, kwa kuwa nuru ya mlengwa iliishia kwenye kitambuzi. Mwenzake anayeendesha droni anaweza kumwambia adui yuko wapi, amevaa nini na anaelekea wapi, na taarifa hizo zina manufaa makubwa, lakini haziwezi kumpa mchawi njia.

Sasa turudi juu ya paa, kwenye miwani ya kuonea gizani, kwa sababu hapo ndipo ubishi unapokuwa wa kweli. Wengi huidhania kuwa ni kioo chenye nguvu zaidi kinachokusanya nuru kidogo iliyopo na kuiongeza. Maneno hayo yana udanganyifu ndani yake. Katika miwani halisi ya aina hiyo, ile inayoonyesha dunia kwa rangi ya kijani, fotoni za nuru hafifu hupiga utando unaotoa elektroni; elektroni hizo hupita katika sahani yenye mamilioni ya matundu madogo, na kila moja huzaa nyingine nyingi; mwishowe kundi hilo kubwa la elektroni hugonga kioo kilichopakwa fosfa, yaani kemikali inayotoa nuru ikigongwa na elektroni, nacho huwaka. Nuru inayoingia jichoni imezaliwa pale kwenye fosfa, sentimita chache mbele ya mboni. Fotoni iliyotoka kwa mlinzi ilikufa mwanzoni mwa safari. Hakuna kompyuta katika mlolongo huu, wala namba, na bado nuru si ya mlengwa. Hili ndilo linalonifanya niseme kwamba swali la kama chombo ni cha kidijitali au la halitusaidii; cha kuangalia ni kama nuru imepitishwa au imezaliwa upya.

Kwa kipimo hicho, miwani ya kuonea gizani inayovaliwa usoni haifai kwa uchawi, na mchawi wetu juu ya paa amekosa. Najua kuna meza zinazomruhusu, kwa hoja kwamba amevaa kitu usoni na anatazama mbele kwa macho yake. Meza hizo hazifanyi dhambi, lakini zikishakubali hilo zitapata shida kueleza kwa nini helmeti yenye kamera mbele na skrini ndani nayo isikubaliwe, kwa kuwa mvaaji wake naye anatazama mbele kwa macho yake.

Miwani ya kuona joto haina hata nafasi ya ubishi huo. Mwili wa binadamu hutoa mionzi ya joto yenye mawimbi marefu mara nyingi kuliko nuru inayoonekana, na jicho la binadamu halina kitu cha kuipokea. Kwa hiyo chombo ni lazima kiipime na kutuchorea picha; rangi nyekundu na buluu tunazoziona ni uamuzi wa mtengenezaji. Tena kuna jambo ambalo wasimamizi wengi husahau: kioo cha kawaida cha dirisha hakipitishi mionzi hiyo, na ndiyo sababu lenzi za kamera za joto hutengenezwa kwa madini kama jemaniamu badala ya kioo. Anayetazama dirisha lililofungwa kwa chombo cha joto huona joto la dirisha lenyewe, au kivuli cha joto lake mwenyewe likirudi. Msimamizi anayependa kufuata fizikia anaweza kulitumia jambo hili hata dhidi ya mhusika ambaye kuona joto ni tabia yake ya kuzaliwa.

Miwani ya maonyesho, ile inayoandika maelezo mbele ya macho, ilileta mkanganyiko mpya toleo la 4 lilipotoka mwaka 2005 na kuifanya dunia nzima ya mchezo iunganishwe bila waya. Tangu hapo karibu kila mhusika ana maandishi, ramani na mishale inayoelea mbele ya uso wake. Je, mchawi aivue kila anapotaka kurusha uchawi? Hapana, iwapo kioo cha miwani ni kioo kweli na maandishi yamewekwa juu yake. Nuru ya mlengwa inapita kama inavyopita kwenye dirisha ambalo mtoto amelichora kwa kalamu. Mshale unaomwonyesha mlengwa nyuma ya ukuta, hata hivyo, ni mchoro, na mchoro haulengwi. Napendekeza msimamizi amuulize mchezaji swali moja tu: betri ikiisha sasa hivi, bado unamwona? Akijibu ndiyo, aendelee.

Swali hilo la betri lina tundu moja kubwa, nalo ni macho ya bandia. Betri yake ikiisha mtu anakuwa kipofu, na ndani yake mna kitambuzi kama cha kamera. Kwa fizikia tupu, hayana tofauti na kamera. Sheria inayakubali kwa sababu ya pili niliyoitaja: yamelipiwa kwa Kiini. Kila mhusika wa kawaida huanza na Kiini cha 6, kipimo cha ukamilifu wa mwili na nafsi, na kila kipandikizi hukatwa humo. Jicho lililopandikizwa kwa gharama hiyo limeingizwa katika nafsi ya mwenye nalo. Si chombo tena, ni kiungo. Hivyo picha inayotengenezwa na jicho hilo inachukuliwa kuwa ni kuona kwake, pamoja na uwezo wake wa kuvuta karibu, wa kuona gizani na wa kuona joto.

Bei yake ndiyo inayouma. Mchawi ana kipimo kingine, Nguvu ya Uchawi, na kila anapopoteza Kiini, hata sehemu ndogo ya pointi moja, Nguvu hiyo hushuka kwa pointi nzima. Macho ya bandia ya daraja la 1 hugharimu Kiini 0.2, ya daraja la 2 hugharimu 0.3, na ya daraja la 4 hugharimu 0.5. Tuchukue mchawi mwenye Nguvu 6 na ustadi wa kurusha uchawi wa 6, ambaye hurusha dadu 12. Akiweka macho ya daraja la 2, Kiini chake kinakuwa 5.7, Nguvu yake inakuwa 5, na tangu siku hiyo atarusha dadu 11 mchana na usiku, maisha yake yote. Kuyatoa macho hayo hakurudishi alichopoteza.

Anapata nini? Jedwali la mazingira huondoa dadu 3 kwa nuru hafifu na 6 kwa giza totoro. Adhabu za kuona zikihesabiwa kwenye uchawi, mchawi mwenye macho ya kuzaliwa atabaki na dadu 9 katika uchochoro wenye taa moja, ilhali mwenzake mwenye macho ya bandia yanayoona gizani, kama adhabu hiyo imefutwa, atabaki na 11. Kwa kuwa dadu huhesabiwa kufaulu zinapoonyesha 5 au 6, yaani mara moja katika tatu kwa wastani, tofauti ya dadu 2 ni chini kidogo ya mafanikio 1. Mchana hasara yake ni theluthi moja ya mafanikio. Ukihesabu hivyo tu, na kwa kuwa kazi nyingi za wahusika hawa hufanyika usiku, biashara inaonekana nzuri. Lakini Nguvu ya Uchawi haigusi dadu peke yake. Inapanga kikomo cha ukali wa uchawi ambao mchawi anaweza kuuita, kwa hiyo kikomo cha 12 kinakuwa 10, na inapanga pia mahali ambapo uchovu wa kurusha uchawi unageuka kuwa jeraha la mwili. Wachezaji wenye uzoefu, wakishaamua kukata pointi hiyo, huitumia hadi tone la mwisho: kama 0.3 imekwisha kula pointi nzima, 0.7 iliyobaki inaweza kujazwa vipandikizi vingine bila hasara zaidi. Mimi naona ni haki. Ila nimeona wahusika walioanza na macho na kuishia na nusu ya mwili wa chuma, na hao huwa hawarushi tena uchawi wa maana.

Kabla ya kwenda kwa daktari wa vipandikizi, mchezaji na atazame kwanza mhusika wake ni wa jamii gani. Katika jamii za kubuniwa za mchezo huu, elfi na orki huzaliwa na macho yanayoona katika nuru hafifu. Dwafu na troli huzaliwa wakiona joto. Macho hayo ni ya mwili tangu mwanzo, hayakatwi Kiini, na sheria haiyawekei kizuizi. Dwafu mchawi anaona gizani bure kile ambacho binadamu anakilipia maisha.

Hata hivyo kumwona mtu si sawa na kumfikia. Kuna uchawi unaopita katika muungano wa nafsi, na huo ndio niliokuwa nikiuzungumzia wakati wote. Kuna pia uchawi unaozaa kitu cha kimwili, kama moto au radi, ambacho huruka kutoka kwa mchawi kwenda kwa mlengwa kwa njia ya kawaida. Mchawi anayemwona adui katika kioo cha kujitazamia, au kwenye ncha ya faiba, anaweza kumzimisha akili. Akimrushia mpira wa moto, utapasukia kwenye kioo. Wachezaji wameungua kwa kosa hili zaidi ya mara moja. Kwa upande mwingine, moto uliotua unachoma kila aliyemo katika duara lake, aonekane asionekane, wakati uchawi wa muungano wa nafsi unaoenea eneo zima huwapata wale tu ambao mchawi anawaona.

Tofauti hiyo inazaa kisa ninachokipenda kuliko vyote katika mada hii. Uchawi wa kawaida wa kujificha hufanya kazi kwenye akili ya mtazamaji hai, si kwenye mashine. Mlinzi aliyejificha kwa uchawi huo anapita mbele ya kamera, na skrini inamwonyesha waziwazi, amebeba bunduki yake. Mchawi anatazama skrini na kumwona. Anatazama uwanjani na hamwoni. Skrini haimpi njia, macho hayampi mtu. Anachoweza kufanya ni kukadiria mahali kwa kutumia skrini, kisha kutupa moto pale, kama mtu anayetupa jiwe kwenye kichaka kilichotikisika.

Au anaweza kuacha macho kabisa. Wachawi wa Shadowrun wana uwezo wa kufungua kuona kwa roho, ambako huonekana nafsi za viumbe hai bila kujali giza wala nuru, na uchawi wa kujificha unaong'ara mwilini mwa mlinzi ungemfichua badala ya kumficha. Huko hakuna lenzi inayosaidia na hakuna jicho la bandia linaloongeza kitu. Mchawi aliyepofuka anaona sawa na mwenye macho mazima. Maandishi na picha za skrini hazisomeki, kuta bado huzuia, na anayetazama kwa namna hiyo huonekana naye na kila roho iliyo jirani. Mchawi wetu juu ya paa akivua miwani yake na kufungua kuona huko, atamwona mlinzi aking'aa gizani upande wa pili wa uwanja, na msimamizi hatakuwa tena na sababu ya kumzuia kuokota dadu zake.